Milango 14 isiyofunguka

  Kama Jumapili hii imekukuta katika majonzi ya kufiwa, Mungu wa faraja zote akushike mkono.

Leo nakualika twende makaburini. Usishtuke. Hatuendi kuzika, tunakwenda kujifunza. Mhubiri anatuambia kuwa kuna hekima mtu anaipata katika nyumba ya msiba ambayo haipatikani katika nyumba ya karamu (Mhubiri 7:2). Basi tuingie katika nyumba ya msiba iliyo kubwa na ya kale kuliko nyingi duniani, makaburi ya Saqqara nchini Misri.

Saqqara iko ukingoni mwa jangwa, upande wa magharibi wa Mto Nile, mwendo wa kama kilomita 30 kusini mwa Cairo. Chini yake, penye mitende na mashamba ya kijani, ulikuwapo mji wa Memfisi, mji mkuu wa kale wa Misri. Katika Biblia zetu mji huo huitwa Nofu. Isaya anautaja, Yeremia naye anautaja. Nabii Hosea alipowaonya Waisraeli waliotaka kukimbilia Misri kutafuta usalama, aliwaambia kuwa mji huo ndio utakaowazika (Hosea 9:6). Hakuuchagua bure. Kila aliyeujua mji huo alijua kuwa juu yake, jangwani, kulikuwa na makaburi yasiyohesabika. Watu walizikwa pale kwa zaidi ya miaka 3,000.

Na bado wanafukuliwa. Mnamo Novemba 2020 serikali ya Misri ilionyesha mbele ya waandishi wa habari majeneza ya mbao zaidi ya 100 yaliyokutwa Saqqara yakiwa bado yamefungwa, rangi zake zikiwa hazijafifia. Tangu mwaka 1979 eneo lote hilo, pamoja na mapiramidi ya Giza, limo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Ukuta wa milango 15

Kitu cha kwanza kumvuta mgeni ni piramidi ya ngazi ya Farao Djoser. Ilijengwa takriban miaka 2,650 kabla ya Kristo, kabla ya yale mapiramidi makubwa ya Giza tuliyozoea kuyaona kwenye picha. Ndilo jengo kubwa la kwanza la mawe yaliyochongwa ambalo Wamisri walilijenga. Kabla ya hapo wafalme walizikwa chini ya majengo mafupi ya matofali ya udongo ambayo leo yanaitwa mastaba. Neno hilo ni la Kiarabu, nalo lina maana ya kibaraza, kwa sababu majengo hayo yanafanana na baraza za udongo ambazo watu hukaa nje ya nyumba zao kupunga upepo. Fundi wa Djoser, kiongozi aliyeitwa Imhotep, aliweka baraza juu ya baraza, kila moja ikiwa ndogo kuliko iliyo chini yake, hadi zikafika sita, kimo cha mita 60 hivi.

Hapa niseme neno moja, maana limekuwa likizunguka sana kwenye simu zetu. Wapo wahubiri wanaofundisha kuwa Imhotep ndiye Yusufu mwana wa Yakobo. Wanategemea maandishi yaliyochongwa kwenye mwamba katika kisiwa cha Sehel, karibu na Aswan, yanayosimulia njaa ya miaka saba wakati wa Djoser. Lakini maandishi hayo yalichongwa zaidi ya miaka 2,000 baada ya Djoser kufa, na Imhotep aliishi karne nyingi kabla ya wakati ambao wasomaji wengi wa Biblia humweka Yusufu. Imani yetu haihitaji kuegemezwa kwenye gongo la namna hiyo. Yusufu anatutosha jinsi Mwanzo inavyomweleza, na baadaye kidogo tutakutana naye.

Kuizunguka piramidi hiyo kulikuwa na ukuta wa mawe meupe ya chokaa, kimo cha zaidi ya mita 10, na urefu wake wote ni zaidi ya kilomita moja na nusu. Ukutani kulichongwa malango 15. Ukitembea jangwani kando yake unaona lango, kisha lango, kisha lango jingine. Lakini 14 kati ya hayo si malango. Ni jiwe tupu lililochongwa likafanana na mlango uliofungwa. Hakuna bawaba, hakuna kitasa, na nyuma yake hakuna njia. Lango la kweli ni moja tu, karibu na kona ya kusini mashariki. Nalo lina jambo la kushangaza: mbao za mlango wake zimechongwa kwa mawe zikiwa zimefunguliwa, zimekaa hivyo daima. Haiwezekani kulifunga.

Mpendwa, shikilia picha hiyo. Milango 14 isiyofunguka, na mmoja usiofungika.

Chakula mlangoni

Tuingie sasa kwenye makaburi ya wakubwa waliowatumikia mafarao. Mashuhuri kati yake ni la Mereruka, waziri mkuu na mkwe wa Farao Teti, aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 kabla ya Kristo. Ni kaburi, lakini lina vyumba zaidi ya 30, vya kwake, vya mkewe na vya mwanawe. Nyumba ngapi za walio hai unazijua zenye vyumba 30?

Kuta zimejaa michoro iliyochongwa kwa ustadi. Utaona wavuvi wakivuta nyavu, mafundi wa dhahabu wakipima mali, viboko majini, watumishi wakibeba mapaja ya ng'ombe na mikate. Utaona pia wakuu wa vijiji walioshindwa kulipa kodi wakiburutwa mbele ya makarani, mmoja akiwa amefungwa kwenye nguzo anachapwa. Mkubwa huyo aliona fahari kubeba hata hilo kwenda nalo ahera.

Ndani ya kaburi kuna sanamu ya Mereruka mwenyewe, mguu mmoja mbele, kana kwamba anatoka ukutani kuja kula. Mbele yake kuna ngazi na mahali pa kuweka sadaka. Karibu kila kaburi la mtu mwenye uwezo pale Saqqara lina mlango wa namna hii, mlango bandia uliochongwa kwenye jiwe. Wamisri waliamini kuwa roho ya marehemu hupita hapo kuja kupokea chakula. Kwa hiyo tajiri alitenga mashamba kabla ya kufa, na mazao yake yakawalipa makuhani maalumu ambao kazi yao ilikuwa kuleta mkate na bia mlangoni siku zote, wao na watoto wao baada yao.

Siku zote zilikwisha mapema. Ukoo ulitawanyika, mashamba yakachukuliwa na wengine, makuhani wakaacha kuja, mchanga ukafunika mlango. Wezi waliingia. Chini ya piramidi ya Djoser kuna njia za chini ya ardhi zenye urefu wa zaidi ya kilomita tano, na humo vilikutwa vyombo vya mawe takriban 40,000. Lakini mfalme mwenyewe hakukutwa amelala katika chumba chake cha graniti. Sanamu yake iliwekwa katika kijumba kilichozibwa pande zote, chenye matundu mawili tu mbele ya macho ili aone nje. Leo sanamu halisi iko kwenye jumba la makumbusho Cairo. Iliyobaki jangwani ikichungulia ni nakala.

Na ng'ombe je? Saqqara ina mapango yaitwayo Serapeum, yaliyogunduliwa na Mfaransa Auguste Mariette mwaka 1851. Humo Wamisri waliwazika fahali waliowaita Apis, waliowaabudu kama mungu aliyevaa mwili wa mnyama. Kuna masanduku makubwa ya mawe 24, mengine yakikisiwa kufikia tani 60 na zaidi kila moja. Fikiria: sanduku zito kuliko lori lililosheheni, kwa ajili ya kumzika fahali! Mariette alipofika alikuta karibu yote yamekwisha kufunguliwa na kuporwa. Mtu akiona mapango hayo hashangai tena kwamba Waisraeli, waliotoka nchi ya namna hiyo, walipochoka kumngoja Musa walifikiria ndama (Kutoka 32). Zaburi ya 106 inawasikitikia kwa kuubadilisha utukufu wa Mungu na sanamu ya mnyama mla majani.

Shebna na kaburi lake la juu

Ni rahisi kuwacheka Wamisri. Biblia haituruhusu. Katika Isaya 22 tunakutana na mtu anayeitwa Shebna, msimamizi wa nyumba ya mfalme mjini Yerusalemu, mtu wa taifa la Mungu kabisa. Mji uko hatarini, kuta zina nyufa, watu wanahesabu nyumba watakazobomoa ili wapate mawe ya kuzibia. Shebna yuko wapi? Yuko mlimani anasimamia mafundi wanaomchongea kaburi la heshima kwenye mwamba.

Bwana anamtuma Isaya kumwuliza swali zito: una nini hapa, na una nani hapa, hata ukajichongea kaburi mahali hapa? Kisha anatangaziwa kuwa atatupwa kama mpira katika nchi pana, afie huko, mbali na kaburi lake la fahari.

Usikimbie ukaacha sura hiyo njiani. Mistari michache mbele, Mungu anamwinua mtumishi mwingine, Eliakimu, ambaye atakuwa baba kwa wakazi wa Yerusalemu. Huyo anapewa ufunguo wa nyumba ya Daudi: akifungua, hakuna wa kufunga. Maneno hayo hayo Bwana Yesu anayachukua katika Ufunuo 3:7 na kuyasema juu yake mwenyewe. Ona basi tofauti. Mmoja alikuwa anachonga jiwe kwa ajili ya jina lake. Mwingine alipewa ufunguo kwa ajili ya watu. Kiongozi, mzee wa kanisa, baba wa familia, jiulize: mkononi mwangu kuna patasi ya Shebna au kuna ufunguo wa Eliakimu?

Misiba yetu

Sasa tuje nyumbani, maana neno hili linatuhusu.

Kuheshimu marehemu ni jambo jema. Ibrahimu alilipa fedha kamili kwa ajili ya pango la Makpela ili amzike Sara. Wanawake waaminifu walikwenda kaburini alfajiri na manukato. Sizungumzi juu ya heshima hiyo. Nazungumzia jambo tunalolijua sote na tunalolisema kwa sauti ya chini.

Ndugu anaugua. Familia inafungua kundi la WhatsApp kuomba msaada wa matibabu. Kundi linakaa kimya. Wachache wanatuma chochote, wengine wanaandika "pole, tunaomba Mungu" na kuendelea na shughuli zao. Ndugu anafariki. Saa hiyo hiyo kundi linaamka! Kamati inaundwa, mweka hazina anapatikana, bajeti inasomwa: jeneza la bei mbaya, turubai, sare za msiba, muziki, mpiga picha wa video, chakula cha watu mia kadhaa. Ahadi zinamiminika. Mwaka unaofuata anajengewa kaburi la marumaru lenye picha yake. Yule aliyekosa fedha ya dawa sasa analala chini ya vigae ambavyo nyumba yake haikuwahi kuwa navyo.

Na mjane? Wageni wakishaondoka na turubai likishakunjwa, wapo wanaobaki kuhesabu mashamba. Watoto wanarudishwa shule kwa kukosa ada huku kaburi la baba yao likimeremeta.

Ndugu yangu, dada yangu, hicho nacho ni chakula kinachowekwa kwenye mlango wa jiwe. Marehemu hali. Walio na njaa wako upande huu wa mlango. Bwana Yesu aliwaambia waandishi na Mafarisayo kuwa wanayapamba makaburi ya wale ambao baba zao waliwaua (Mathayo 23:29-31). Neno hilo linachoma. Inawezekana mtu kumpamba akiwa kaburini yule yule aliyemwacha akiwa kitandani.

Yakobo anasema dini safi hupimwa kwa kuwaangalia yatima na wajane katika dhiki yao (Yakobo 1:27). Paulo anamwandikia Timotheo kuwa asiyewatunza wa kwake ameikana imani (1 Timotheo 5:8). Wote wawili wanazungumzia watu wanaopumua.

Pendekezo langu ni dogo. Jumuiya yako, kwaya yako, ukoo wako, una mfuko wa mazishi? Vizuri. Anzisheni pia mfuko wa wagonjwa, na uwe mkubwa kuliko ule. Kamati ya mazishi isivunjwe siku ya tatu. Ikutane tena baada ya miezi mitatu kuuliza mjane anaishije na watoto wanasomaje. Na kiasi kile ambacho kingenunua marumaru, kikate bima ya afya ya familia iliyoachwa.

Mifupa ya Yusufu

Nilisema tutakutana na Yusufu. Hakuna mtu katika Biblia aliyekuwa na nafasi nzuri zaidi ya kujengewa kaburi kubwa Misri. Alikuwa wa pili kwa Farao. Aliwajua matabibu wa kupaka maiti dawa, maana ndiye aliyewaamuru wampake baba yake. Kazi hiyo ilichukua siku 40, na Wamisri wakamlilia Yakobo siku 70 (Mwanzo 50:2-3). Yusufu mwenyewe alipokufa akiwa na miaka 110, alipakwa dawa akawekwa katika jeneza.

Lakini hakuagiza vyumba 30. Hakutenga mashamba ya kulisha makuhani. Aliagiza jambo moja tu: Mungu atakapowajia, msiniache hapa, ichukueni mifupa yangu. Musa aliichukua usiku wa kutoka (Kutoka 13:19). Ikazunguka jangwani miaka 40, ikazikwa Shekemu (Yoshua 24:32). Waebrania 11:22 inalihesabu agizo hilo kuwa tendo la imani. Kaburi la Mereruka linasema, "Nimefika." Jeneza la Yusufu linasema, "Tunaondoka."

Mimbari kati ya makaburi

Kuna jengo moja Saqqara ambalo watalii wengi hulipita haraka. Si mbali na piramidi ya Farao Unas kuna magofu ya monasteri ya Mtakatifu Yeremia, iliyoanzishwa na watawa Wakristo wa Misri mwishoni mwa karne ya 5. Watawa hao walichukua mawe ya makaburi ya kale wakajengea vyumba vya sala na makanisa. Mwingereza James Quibell alipoifukua kuanzia mwaka 1906 alikuta michoro ya Bwana Yesu na Bikira Maria kwenye kuta, na pia mimbari ya mawe yenye ngazi zake, moja ya mimbari za kale zaidi zinazojulikana. Leo iko katika jumba la makumbusho la Wakopti mjini Cairo.

Kwa miaka mia kadhaa, watu wa Mungu waliamka usiku wakasali katikati ya mji wa wafu. Pande zote walizungukwa na milango ya mawe isiyofunguka. Nao kila Pasaka walitangaza habari ya kaburi jingine, lisilo na vyumba 30 wala jina la mwenyewe. Lilikuwa la kuazima, mali ya Yusufu mwingine, yule wa Arimathaya, na aliyelazwa humo alilitumia hadi siku ya tatu tu. Wanawake walilikuta jiwe limeondolewa.

Makaburi mengi ya Saqqara ni matupu kwa sababu wezi waliingia. Kaburi la Yerusalemu ni tupu kwa sababu Bwana alitoka. Hapo ndipo tumaini letu linaposimama.

Msomaji wangu, bado kuna wachongaji wa milango bandia. Wapo wanaokuuzia mafuta, chumvi na maji kama njia ya kuingilia baraka. Wapo wanaokwambia fedha ni mlango, cheo ni mlango, mzimu wa babu ni mlango. Utaisukuma mpaka bega liume. Yesu alisema yeye ndiye mlango, na anayeingia kwa yeye ataokoka, ataingia na kutoka na kupata malisho (Yohana 10:9). Ni mmoja tu, na hakuna awezaye kuufunga.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe uliyekufa nawe u hai, tuponye na kiburi cha kujichongea majina. Utupe macho ya kumwona mgonjwa kabla hajawa marehemu, na mjane baada ya wageni kuondoka. Wanaolia leo uwafute machozi, na siku yetu itakapofika utukute tukiwa tayari kwa safari. Amina.